Mapambo ya Kijapani huanzia kabatini, si dukani

WAKAZI wengi wa mijini wanaotaka kuzipa nyumba zao sura ya Kijapani huanzia dukani. Hununua taa ya karatasi, meza fupi, mianzi ndani ya chombo cha kioo na pengine sanamu ya Buddha, ambayo kwa desturi za Japani mahali pake nyumbani ni kwenye madhabahu ya familia na si kando ya televisheni. Vitu hivyo hupangwa katikati ya makochi, makabati na mazulia yaliyokuwamo tangu awali.

Matokeo yake ni sebule iliyosongamana kuliko ilivyokuwa, na fedha zimekwisha kutumika.

Kinachosahaulika ni kwamba chumba cha Kijapani kinachoonekana kitupu katika picha hakikufikia hali hiyo kwa kukosa vitu. Vitu vilikuwapo, tena vingi, isipokuwa kila kimoja kilikuwa na mahali pa kufichwa na mtu wa kukirudisha.

Katika nyumba ya jadi ya Japani, chumba kimoja kiliweza kuwa sebule, mahali pa kulia chakula na chumba cha kulala katika siku hiyo hiyo. Asubuhi godoro jembamba la futon lilikunjwa na kuingizwa katika oshiire, yaani kabati la ukutani lenye milango ya kuteleza, lililojengwa kwa kina cha kutosha kupokea matandiko ya familia. Meza fupi ikaletwa, watu wakala, kisha meza nayo ikaondolewa.

Familia zenye uwezo zilikuwa pia na ghala liitwalo kura, lenye kuta nene za udongo zilizokusudiwa kustahimili moto. Humo zilihifadhiwa picha, vyombo vya thamani na mapambo ya msimu ambao haujafika. Mwanasayansi wa Marekani, Edward Morse, aliyechapisha kitabu kuhusu nyumba za Wajapani mwaka 1886, alilazimika kuwaeleza wasomaji wa nchi yake, waliozoea vyumba vilivyojaa samani, jinsi watu wenye staha zao walivyoweza kuishi bila viti wala vitanda.

Kwa sababu hiyo, mwenye nyumba anayetaka mtindo huu hana budi kuanza na kabati. Asiyekuwa na kabati la kutosha atauhamisha tu msongamano kutoka sebuleni na kuupeleka chini ya kitanda. Seremala anayetengeneza kabati la kuziba ukuta mzima, lenye milango ya rangi ileile ya ukuta na isiyo na nakshi, humfaa mteja huyo kuliko duka lolote la mapambo.

Jambo la pili ni kimo. Nchini Japani chumba hutajwa kwa idadi ya mikeka ya tatami inayoenea sakafuni, na hata leo matangazo ya nyumba za kupangisha hutumia kipimo hicho. Mkeka mmoja hukaribia sentimeta 90 kwa 180, ingawa ile ya Kyoto kwa desturi ni mikubwa kidogo kuliko ya Tokyo. Juu yake watu huketi sakafuni, na kila kilichomo chumbani kimewekwa kwa kufuata jicho la mtu aliyeketi hapo.

Ndiyo maana meza fupi ya Kijapani mbele ya kochi refu haipendezi, licha ya kumuumiza mgongo anayeinamia kikombe chake. Ama mtu ashushe vyote, yaani kochi, meza, rafu na picha za ukutani, au aviache vyote katika kimo kimoja cha kawaida.

Tatami yenyewe haimfai kila mtu. Ule wa asili una kiini cha mabua ya mpunga yaliyoshindiliwa na sura ya majani ya igusa, ambayo nchini Japani kwa sehemu kubwa hulimwa katika mkoa wa Kumamoto. Ukikosa hewa hushika ukungu na kufuga wadudu, na hata Wajapani wengi sasa hutumia wenye kiini cha mbao zilizosagwa au povu. Katika miji yenye unyevu ya pwani ya Afrika Mashariki, mkeka wa ukindu, ambao huinuliwa na kuanikwa juani bila taabu, hufanya kazi ileile kwa gharama ndogo. Desturi ya kuvua viatu mlangoni, ambayo bila hiyo sakafu ya namna hii haidumu, wenyeji wa pwani hawahitaji kufundishwa.

Baada ya kuondoa, ndipo huja suala la kuweka. Hapa Wajapani wana chumba kidogo cha kuingia ndani ya ukuta kiitwacho tokonoma. Humo huning'inizwa picha au maandishi mamoja, na chini yake huwekwa chombo kimoja cha maua. Majira yakibadilika, navyo hubadilishwa.

Nyumba za mawe za Lamu zina kitu kinachofanana nacho kwa umbo lakini si kwa nia. Vidaka vyake hupangwa kwa safu juu hadi chini, vikaonyesha sahani na bakuli za kaure zilizotoka ng'ambo, ili mgeni aone kwa mara moja neema ya mwenye nyumba. Tokonoma humwonyesha mgeni kitu kimoja tu na kumwacha akitazame.

Huandamana na desturi hiyo simulizi maarufu ya Sen no Rikyu (1522-1591), bingwa wa sherehe za chai. Inasemekana mtawala Toyotomi Hideyoshi alisikia sifa za maua ya asagao, yachanuayo alfajiri, katika bustani ya Rikyu, akaomba kwenda kuyaona. Alipofika akakuta bustani imefyekwa, hakuna hata ua. Hasira zikampanda, lakini alipoingia katika chumba cha chai alikuta ua moja pekee katika tokonoma.

Kama kisa hicho kilitokea au la, chumba kinachohusishwa na Rikyu kingalipo. Kinaitwa Taian, kiko Yamazaki karibu na Kyoto, na eneo lake la kuketi ni mikeka miwili tu. Ni hazina ya taifa la Japani.

Mwanga nao una uzito wake. Milango ya shoji, yenye fremu za mbao na karatasi nyeupe, huruhusu nuru kuingia ikiwa imepozwa. Mwandishi Junichiro Tanizaki aliandika insha yake mashuhuri juu ya sifa za vivuli mwaka 1933, akilalamikia taa za umeme zilizokuwa zikifukuza giza kila pembe ya nyumba. Chumba kilichoondolewa vitu kisha kikamulikwa na taa moja kali ya katikati ya dari hufanana na ofisi iliyohamwa. Taa mbili au tatu hafifu, zilizowekwa chini na pembeni, hukipa uhai.

Taa za karatasi zinazouzwa leo kila mahali zina deni kwa msanii Isamu Noguchi, aliyeanza mwaka 1951 kubuni taa zake za Akari katika mji wa Gifu, kwa karatasi na mianzi. Hicho ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo mtu anaweza kununua bila kujuta.

Isidhaniwe, hata hivyo, kuwa kila Mjapani anaishi hivyo. Mpiga picha Kyoichi Tsuzuki alichapisha mwaka 1993 kitabu cha Tokyo Style, chenye picha za makazi halisi ya watu wa jiji hilo: vyumba vidogo vilivyojaa vitabu, nguo na vyombo hadi darini. Msongamano huo ndio uliozaa harakati za kupunguza vitu. Hideko Yamashita alieneza neno danshari, lenye maana ya kukataa, kutupa na kuachana, kwa kitabu chake cha mwaka 2009. Kisha akafuata Marie Kondo, na mwaka 2015 Fumio Sasaki, aliyesimulia namna alivyoondoa karibu kila alichokuwa nacho.

Wapo walioingia humo kwa hofu kuliko kwa kupenda uzuri. Idara ya Zimamoto ya Tokyo inaeleza kuwa kati ya asilimia 30 na 50 ya watu waliojeruhiwa katika matetemeko ya miaka ya karibuni waliumizwa na samani zilizoanguka au kusogea. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 11, 2011, kabati refu lililosheheni vyombo halikutazamwa tena kama fahari.

Ugumu mkubwa huwa ndani ya familia. Mmoja akishikwa na ari ya kuondoa, kinachoondoka mara nyingi ni mali ya mwenzake: sufuria za mama mkwe, magazeti ya baba, madaftari ya watoto. Kondo mwenyewe ameonya dhidi ya kutupa vitu vya wengine bila ridhaa yao, na huwashauri watu kuanza na nguo zao wenyewe, kisha vitabu, makaratasi na vinginevyo, na kumbukumbu za hisia ziwe za mwisho.

Pia ipo kazi ya kila siku. Futon haijikunji, na katika nyumba ya jadi mkunjaji kwa kawaida alikuwa mwanamke wa nyumba hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 2023, Kondo, ambaye kipindi chake cha televisheni cha mwaka 2019 kilizifikisha mbinu zake katika nchi nyingi, alieleza hadharani kuwa baada ya kupata mtoto wa tatu amelegeza kamba, na nyumba yake haiko katika mpangilio kama zamani.