Kishindo cha Bomba si Nguvu za Gari

Yamkini hakuna mkazi wa mji mkubwa nchini Kenya asiyeutambua mngurumo huo. Usiku unapotulia, gari dogo hupita kwa kasi, bomba lake la moshi likilipuka kama baruti, na watoto waliokwisha kulala huzinduka. Wazee husonya na kuwalaani vijana wa leo. Walimu hutikisa vichwa. Kijana aliye kwenye usukani naye huamini kwamba amepita kama simba. Maoni yangu ni kwamba lawama peke yake haitamtibu kijana huyo. Bomba lile ni somo, na mahali pake ni darasani.

Magari ya aina hii hayakuzuka jana. Mwaka 1975, katika maonyesho ya Frankfurt, kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani iliuonyesha ulimwengu Golf GTI, nayo ikaanza kuuzwa mwaka 1976. Lilikuwa gari dogo la familia, lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, aina ambayo wapenzi wa magari huiita hachibaki. Lakini lilitiwa injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 110, ilhali uzito wake haukufika kilo 900. Mwaka 1984 Wafaransa wakajibu kwa Peugeot 205 GTI. Siri ya magari hayo haikuwa kelele bali uwiano wa nguvu na uzito. Kizazi cha saba cha Golf GTI, kilichotoka mwaka 2013, kilikuwa na injini ya lita 2.0 yenye tabo na nguvu za farasi 220. Vijana wetu huyapata magari hayo yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo, na aghalabu kitu cha kwanza wanachotamani kukibadilisha ni bomba la moshi.

Aliyekuwa mwanafunzi wangu wa fizikia alinialika siku moja katika karakana ya jua kali kulitazama gari lake la namna hiyo. Fundi alikuwa tayari na msumeno. "Mwalimu," akaniambia, "gari hili linabanwa pumzi. Tukikata kila kitu kilicho katikati na kuweka bomba tupu, litapumua." Kauli hiyo ina ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaowapoteza wengi.

Tuanze na nusu iliyo kweli. Injini ya mapigo manne yenye silinda nne hutoa moshi mara mbili katika kila mzunguko. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ambayo ni mara 50 kwa sekunde, bomba hupokea mapigo 100 kila sekunde. Kila pigo ni wimbi la shinikizo. Bomba likiwa jembamba mno, moshi hurundikana na injini hutumia sehemu ya nguvu zake kuusukuma nje. Kwa hiyo ni kweli kwamba njia ya moshi yaweza kumbana mwendeshaji.

Nusu ya pili ndiyo hufichwa. Katika injini isiyo na tabo, moshi unaotoka kwa kasi huacha nyuma yake mvuto unaosaidia kufyonza mabaki yaliyosalia ndani ya silinda. Bomba likipanuliwa kupita kiasi, kasi hiyo hupungua na gari huwa goigoi linapoanza kuondoka, hata kama linanguruma kama lori la mawe. Injini yenye tabo hupenda zaidi njia iliyo wazi, kwa kuwa tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili za tabo ndiyo inayoizungusha. Hata hivyo, katika magari ya siku hizi kompyuta ya injini ndiyo inayoamua tabo isukume hewa kwa kiasi gani. Bomba jipya peke yake haliwezi kuleta miujiza.

Na kelele je? Sailensa nyingine zina vyumba ambamo mawimbi ya sauti hugonga kuta, hurudi na kuuana yenyewe kwa yenyewe. Nyingine zina bomba lililonyooka lenye matundu, lililozungushiwa pamba ya kioo. Katika aina hii ya pili moshi hupita bila kizuizi kikubwa, nayo sauti hunyonywa na pamba na kugeuka joto. Maana yake ni kwamba moshi waweza kuachiliwa huku sauti ikituliwa. Basi anayejigamba kwa kishindo hajathibitisha lolote kuhusu nguvu. Wahenga walikwisha kunena kwamba debe tupu haliachi kuvuma.

Lililonitia hofu katika karakana ile halikuwa sailensa, bali kitu kilichokuwa mbele yake: katalisti. Ndani ya chombo hiki mna vijitundu vingi vilivyopakwa platini, paladi na rodi. Madini hayo ni vichocheo. Hugeuza monoksidi ya kaboni kuwa dioksidi ya kaboni, huunguza mabaki ya petroli, na kuzirudisha oksidi za nitrojeni kuwa nitrojeni tuivutayo kila siku. Risasi katika petroli huviua vichocheo hivyo, na Kenya pamoja na nchi nyingine za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliiacha petroli ya risasi kufikia mwaka 2006. Tulisafisha mafuta, kisha leo kijana anakata kwa msumeno chombo ambacho mafuta safi yaliwezesha kufanya kazi! Na kwa kuwa madini yake yana thamani, mara nyingi chombo hicho huishia kwa wanunuzi wa vyuma huku mwenye gari akibaki na taa ya onyo inayowaka mbele yake.

Moshi huo hauendi mwezini. Huingia katika madarasa ya shule zilizopakana na barabara zetu. Vivyo hivyo sauti. Kipimo cha desibeli kina hila: kikiongezeka kwa 10, nguvu ya sauti huwa imeongezeka mara 10. Wataalamu wa afya kazini huonya kwamba desibeli 85 kwa saa nane kwa siku zaweza kudhuru masikio. Mwaka 2009 Kenya ilitunga kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo, lakini kanuni haina nguvu pale ambapo raia haelewi sababu yake.

Sisemi kwamba kijana asiliguse gari lake. Mikono inayopenda spana ni hazina ya taifa. Nasema alibadilishe bomba kwa kipimo: aiache katalisti mahali pake, na abadilishe sehemu iliyo nyuma yake kwa bomba lenye upana unaofaa na sailensa ya kweli. Gari lisimamishwe juu ya stendi imara, kamwe lisiachwe juu ya jeki pekee. Nati zenye kutu zilainishwe kwa mafuta kabla ya kufunguliwa. Gasketi ziwe mpya, na bomba lining'inizwe kwa mipira yake bila kugusa bodi. Viungo vikazwe kikamilifu baada ya bomba lote kunyooshwa, kisha vikaguliwe tena injini ikiwa imepata joto na kupoa. Kiungo kinachovuja chaweza kuingiza ndani ya gari monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huinyima damu oksijeni na kuua.

Mwanafunzi wangu aliyasikiliza hayo, akapiga hesabu ya mapigo 100 nyuma ya risiti, kisha akamwomba fundi aweke msumeno chini. Walibadilisha sehemu ya nyuma tu. Sikuhitaji kumkemea.

Walimu wenzangu, mawimbi, shinikizo, vichocheo na logi zimo katika silabasi zetu, na wanafunzi wengi hukariri bila kuona zinakoelekea. Bomba moja kuukuu likiletwa mezani, likakatwa na kufunuliwa matumbo yake, litafundisha yote manne kwa asubuhi moja. Nanyi wanafunzi, kabla ya kumlipa fundi mwambieni awaeleze anachokiondoa kina kazi gani. Akishindwa kueleza, pesa zenu zirudi mfukoni.