Kamera ndogo ya filamu kwa Kakesio: tazama betri kabla ya jina

Anayetafuta kamera ndogo ya filamu leo hukutana kwanza na majina: Contax T2, Yashica T5, Olympus mju-II. Sifa za kamera hizi zimepandisha bei kiasi kwamba kamera ya mtumba huuzwa ghali kuliko simu nzuri. Kwa mtu anayeishi au kufanya kazi Kakesio, kata iliyo kusini-magharibi mwa Hifadhi ya Ngorongoro, ukishapita Endulen, maswali ya kuanzia ni mengine. Betri yake inapatikana wapi? Itastahimili vumbi? Nani atakusafishia filamu? Kamera yenye majibu mazuri kwa maswali haya matatu itakutumikia miaka mingi, hata kama mjini haina umaarufu.

Wapo watakaouliza kwa nini tuhangaike na filamu wakati simu ina kamera. Simu ikiibiwa au ikitumbukia mtoni, picha za miaka mingi zinaweza kupotea siku hiyo hiyo. Negativu iliyosafishwa vizuri na kuhifadhiwa pakavu hudumu miongo mingi, na picha huchapwa upya kila inapohitajika. Ranchhod Oza alifungua studio ya Capital Art mjini Zanzibar mwaka 1930, mwanawe Rohit akairithi, na picha za Zanzibar ya zamani zikaendelea kuonekana vizazi vilivyofuata. Jirani na Kakesio kwenyewe, nyayo za Laetoli zenye umri wa miaka milioni 3.66, zilizofukuliwa na timu ya Mary Leakey mwaka 1978 na 1979, zilifukiwa tena ili zisiharibike; watu wengi duniani wamezijua kwa picha za filamu zilizopigwa wakati ule. Na tangu Juni 2022, familia nyingi za tarafa ya Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni. Bibi aliyebaki na mjukuu aliyeondoka, kila mmoja anastahili picha ya karatasi ya mwenzake.

Betri

Kamera nyingi ndogo za miaka ya 1990, ikiwemo mju-II ya mwaka 1997, hutumia betri moja ya lithiamu iitwayo CR123A. Bila hiyo hazifanyi chochote: hazivuti filamu wala hazifungui lenzi. Usitegemee kuikuta duka la kijijini. Nikon L35AF ya mwaka 1983 hutumia betri mbili za AA, zile zile za redio ndogo na saa ya ukutani, ambazo muuza duka yeyote anazo. Olympus XA ya mwaka 1979 hutumia vibetri viwili vya duara aina ya LR44, ambavyo fundi saa wa Karatu au Arusha atavijua mara moja.

Olympus Trip 35 haihitaji betri kabisa. Ilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na ikatengenezwa hadi 1984. Duara la vioo vidogo linalozunguka lenzi yake limefunika seli ya seleniamu, ambayo hugeuza mwanga kuwa umeme kidogo wa kusukuma kipimo. Palipo na jua, kamera inafanya kazi.

Kama moyo wako umeshapenda kamera ya CR123A, nunua betri mbili za akiba ukiwa mjini na usome tarehe ya mwisho wa matumizi. Betri ya lithiamu isiyofunguliwa hukaa hata miaka 10 bila kuisha.

Lenzi na mwanga

Chagua lenzi isiyo na zumu, ya milimita 35 au 40. Lenzi ya zumu inayotoka na kuingia huvuta vumbi ndani kila inapotembea, na ukiivuta hadi mwisho tundu lake hupungua sana, nyingine hadi f/11. Hapo kamera hulazimika kufungua shata kwa muda mrefu zaidi, na picha hutikisika. Lenzi ya f/2.8 ina tundu kubwa zaidi, hivyo hukubali kupiga hata jua linapozama na ng'ombe wanarudi bomani. Simba wa mbali hatapatikana kwa kamera ndogo yoyote. Hii ni kamera ya watu, nyumba na mifugo ya karibu.

Uangalie pia uwezo wa kuirekebisha kamera. Kipimo cha mwanga hupima eneo lote linaloonekana. Uso mweusi ukiwa mbele ya anga jeupe la saa sita mchana, kamera hudanganywa na anga, hupunguza mwanga, na uso hutoka giza. L35AF ina kitufe cha kuongeza mwanga kwa hali hiyo, na XA pia inacho. Kwenye Trip 35, filamu ya kasi ya 400 unaweza kuiseti 200, kwa sababu filamu ya negativu huvumilia mwanga wa ziada kuliko upungufu. Kamera zinazosoma zenyewe kasi ya filamu kwa alama za DX kwenye kopo lake, utaratibu ulioanza mwaka 1983, mara nyingi hazikupi nafasi hiyo. Ukiwa na kamera ya namna hiyo, washa flashi hata mchana ukiwa umbali wa mita mbili au tatu, au geuka uliondoe anga kwenye picha.

Vumbi na ukaguzi

Udongo wa nyanda hizi una majivu mengi ya volkano, na wakati wa kiangazi vumbi lake huingia kila upenyo. Punje moja ikinasa kwenye mdomo wa kopo la filamu huchora mstari kuanzia picha ya kwanza hadi ya 36. Badilisha filamu ndani ya nyumba au kivulini, mgongo ukiwa upande wa upepo, na uihifadhi kamera kwenye mfuko unaofungika.

Ukipewa kamera ya mtumba, ifungue mgongo kabla ya kutoa pesa. Sponji nyeusi za kuzuia mwanga zikiwa zinanata kama lami, zitahitaji kubadilishwa. Fungua kifuniko cha betri utafute kutu ya kijani. Mulika lenzi kwa tochi. Ukiona nyuzi kama za utando wa buibui, huo ni ukungu, tatizo la kawaida kwa kamera zilizokaa Tanga, Zanzibar au Dar es Salaam penye unyevu. Kwa Trip 35, weka alama ya A, ziba lenzi kwa kiganja na ubonyeze: kamera inapaswa kukataa kupiga na kijibendera chekundu kionekane ndani ya kiangalizi. Kisha ielekeze kwenye mwanga, inapaswa kupiga. Ikikataa hata juani, huenda seli yake imechoka, basi usiinunue.

Filamu

Kabla ya kununua kamera, piga simu studio unayoitegemea mjini uulize kama bado inasafisha filamu ya rangi. Kama jibu ni hapana, anza na filamu nyeusi na nyeupe, kwa mfano Ilford HP5 Plus, ambayo unaweza kuisafisha mwenyewe kwa tangi dogo, dawa mbili, saa na maji safi. Katika dawa ya ID-11 isiyozimuliwa, yenye joto la nyuzi 20, huchukua dakika saba na nusu. Filamu ya rangi huhitaji dawa yenye joto la nyuzi 38 hivi bila kuyumba, kazi ngumu pasipo umeme wa uhakika. Filamu yoyote usiiache kwenye dashibodi ya gari, na ukishaimaliza isafishwe mapema.

Kwa Kakesio, chaguo langu la kwanza ni Trip 35 kwa anayepiga mchana na yuko tayari kukadiria umbali kwa michoro yake minne: mtu mmoja, watu wawili, kikundi na mlima. Anayetaka kamera ijitafutie umbali na iwe na flashi ya jioni, achukue Nikon L35AF. Kamera za bei kubwa ni nzuri, lakini pesa inayobaki ukiziacha itakununulia filamu za mwaka mzima.

Wakazi wengi wa Ngorongoro wamepigwa picha na wageni kwa miaka mingi, na picha hizo hawakuziona tena. Wewe salimia kwanza, omba ruhusa, na ukishachapa, mpelekee nakala uliyempiga.