Supu ya viazi na umaskini wa msamiati tunaokisingizia Kiswahili

Kwa muda mrefu kumekuwa na dhana miongoni mwa baadhi ya walimu na wanafunzi wetu kwamba Kiswahili ni lugha nzuri ya kutungia mashairi, kuhutubia mikutano ya hadhara na kuendeshea ibada, lakini kikifika jikoni huishiwa na maneno. Wenye dhana hii hukubali kwamba mtu anaweza kueleza kwa Kiswahili namna ya kusonga ugali au kuchemsha githeri. Wanadai, hata hivyo, kwamba akitaka kueleza mapishi yenye hatua nyingi, mathalani supu nzito iliyoungwa kwa maziwa, hana budi kukimbilia Kiingereza. Nimeisikia kauli hii katika vyumba vya walimu na katika makongamano ya wasomi. Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha kwamba kauli hiyo haina mashiko, na kwamba madhara yake ni makubwa kuliko tunavyofikiri.

Ikumbukwe kwamba resipe ni mojawapo ya tungo za kiuamilifu ambazo wanafunzi wa shule za upili nchini wamefundishwa kuandika kwa miaka mingi. Katika muhula mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa chuo kikuu, ambao wengi wao wanajiandaa kuwa walimu, zoezi la kuandika resipe ya chakula chochote wanachokifahamu. Wengi waliniletea keki na piza, vyakula vinavyohitaji joko la umeme ambalo halimo katika nyumba walikolelewa. Vitenzi vyao vilikuwa kublendi, kumiksi na kubeki. Waliandika wasichokijua kwa maneno yasiyo yao.

Mmoja tu, mzaliwa wa Kuresoi, aliandika kuhusu supu ya viazi na maziwa ambayo familia yao huipika jioni wakati wa baridi ya Julai. Maelezo yake yalikuwa kamili na lugha yake ilikuwa safi. Lakini chini ya karatasi aliongeza sentensi moja: "Samahani mwalimu, hiki ni chakula cha nyumbani tu."

Sentensi hiyo imenikera kuliko makosa yote ya sarufi niliyowahi kusahihisha. Yale mafunzo tuliyompa mwanafunzi huyu kwa zaidi ya miaka 12 yamemfikisha mahali pa kuomba radhi kwa kukifahamu chakula chake! Waama, hapa hatuzungumzii supu peke yake. Tunazungumzia mtoto aliyefunzwa kwamba jambo lisiloandikwa kitabuni halina hadhi, na kwamba jikoni mwa mama yake si mahali pa maarifa.

Hebu basi tuuchunguze huo umaskini wa msamiati. Mpishi wa Kiswahili huteleka chungu au sufuria mekoni, na akimaliza huiepua. Viazi huvimenya, akavikatakata, akavitokosa mpaka vikawa teketeke, kisha akaviseta kwa mwiko. Mchuzi huukoroga, huuchuja na, ukiwa chapwa, huuunga. Kitenzi hiki cha mwisho kinastahili kutazamwa vizuri. Kuunga ni kuunganisha, lakini jikoni ni kukitia chakula tui, samli au viungo ili kipate uzito na ladha. Mwishowe mpishi hupakua. Mwalimu wa sarufi anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake kwamba pakia na pakua ni vitenzi vya mzizi mmoja, na kwamba ni kiambishi kidogo tu cha kauli ya kutendua kinachopindua maana. Lugha yenye hazina hii haiwezi kuitwa maskini.

Kuhusu huo uzito wenyewe, Kiswahili kinatofautisha supu, mchuzi na rojo. Supu ni neno tulilolikopa kutoka Kiingereza, na mitaani mwetu limekuja kumaanisha hasa maji mepesi ya mifupa, au ya kichwa na miguu ya mbuzi, yanayonywewa kikombeni. Huenda ndiyo sababu mtu akitajiwa supu nzito hudhani ametajiwa kitu cha kigeni. La hasha! Wachaga wa Kilimanjaro wana mtori, supu nzito ya ndizi mbichi na nyama, ambayo hupondwa ikawa laini na ambayo kwa desturi hupewa mwanamke aliyejifungua. Chakula hicho kimeenea Tanzania nzima, hata pakawa na msemo wa kumtuliza mwenye papara kwamba anywe mtori, nyama ziko chini. Zanzibar nako kuna urojo, mchuzi mzito wenye uchachu uliotiwa unga na manjano, ukajazwa viazi na bajia. Kwa hiyo supu nzito haikuletwa Afrika Mashariki na hoteli za watalii.

Na yale mafuta ya maziwa yanayoilainisha supu, je? Kamusi zinatupa neno malai. Utando unaoganda juu ya maziwa yaliyochemshwa ni kitu ambacho kila mtoto wa Bonde la Ufa anakijua, hata kama nyumbani kwao huitwa kwa jina jingine. Watu wa pwani, ambao huunga kwa nazi badala ya maziwa, wanakwenda mbali zaidi. Tui zito la mkamuo wa kwanza wanaliita kasimile, wakilitenga na tui jepesi la mikamuo inayofuata. Mwenye kusema kwamba Waswahili hawana dhana ya malai hajawahi kukaribia mbuzi ya kukunia nazi.

Ajabu ni kwamba dhana hii imeota mizizi hata hapa Nakuru, mahali ambapo viambato vya supu ya aina hii vimetuzunguka. Molo, Kuresoi, Elburgon, Njoro na Mau Narok ni maeneo ya viazi, na tukivuka kuingia Nyandarua tunakuta Ol Kalou na Kinangop. Maziwa nayo yana historia ndefu. Mwaka 1925 walowezi waliunda Kenya Co-operative Creameries, yaani KCC, na Naivasha ikawa miongoni mwa vituo vyake vya awali. Jina lenyewe linataja viwanda vya malai, kwani shabaha kubwa ya wakati huo ilikuwa kutengeneza siagi, ambayo sehemu yake ilisafirishwa ng'ambo. Kwa takriban karne moja, basi, malai yametoka katika bonde hili, ilhali sisi tunayasoma katika vitabu vya mapishi vya wageni.

Mkulima wa viazi anaijua vyema gharama ya hali hii. Aina inayopandwa kwa wingi, Shangi, huiva upesi jikoni lakini pia huchipua upesi ghalani, kwa hiyo mwenye nayo hulazimika kuiuza haraka. Wanunuzi huja na lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, licha ya kanuni za mwaka 2019 zilizoweka kipimo cha kilo 50. Kisha yule yule mkulima, akitarajia wageni wa heshima, humtuma mtoto dukani kununua supu ya unga ya pakiti. Hapo viazi vyake vimetoka kwa bei ya kutupwa, na supu imeingia kwa bei ya duka.

Nimeichukua resipe ya mwanafunzi yule wa Kuresoi, nikaipika mara kadhaa nyumbani kwangu, na naiandika hapa kwa ajili ya watu sita bila kuomba radhi. Tafuta kilo moja ya viazi, vitunguu maji viwili, karoti mbili, punje tatu za kitunguu saumu, vijiko viwili vya samli au siagi, lita moja ya maji ya moto, nusu lita ya maziwa, chumvi, pilipili manga na dania. Ukiwa na mchuzi wa mifupa, utumie badala ya maji.

Teleka sufuria, yeyusha samli, kisha tia vitunguu ulivyovikatakata. Vikaange kwa moto mdogo mpaka vilainike bila kubadilika kuwa vya kahawia. Ongeza kitunguu saumu, karoti na viazi vilivyomenywa na kukatwa vipande vidogo, ukoroge kwa dakika tatu ili vishike mafuta. Mimina maji, tia chumvi, funika na uache vitokote mpaka kiazi kivunjike kikiguswa na mwiko. Sasa seta thuluthi mbili za viazi humo humo sufuriani, ukiacha thuluthi moja vipande vizima ili mlaji apate kitu cha kutafuna. Pasha maziwa moto pembeni, uyamimine kidogo kidogo huku ukikoroga. Punguza moto, na supu ikianza kufuka mvuke tu, iepue. Nyunyiza pilipili manga na dania, ukaweke kijiko cha malai juu ya kila bakuli endapo unayo. Mahindi mabichi, njegere au nyama ya kuku iliyochambuliwa huifanya kuwa mlo kamili, na chapati au mkate huisindikiza.

Kila hatua hapo ina sababu inayoweza kuelezwa darasani. Supu huwa nzito kwa sababu wanga uliomo katika viazi hufyonza maji na kuvimba unapopata joto. Ukitumia mashine ya kusagia kwa muda mrefu, chembechembe za kiazi hupasuka na kuachilia wanga mwingi mno, nayo supu hunata kama gundi. Ndiyo maana mwiko unafaa zaidi. Maziwa hutiwa mwishoni na kwa moto mdogo kwa sababu moto mkali unaweza kuyakata. Nyanya na ndimu huachwa nje kwa sababu hiyo hiyo, kwani asidi huyagandisha maziwa.

Msomaji makini atakuwa ameona kwamba sikutaja dakika za kutokosa viazi. Nimefanya hivyo makusudi. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo shinikizo la hewa linavyopungua na maji yanavyochemka kwa joto la chini. Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100 za sentigredi, Nakuru kwenye nyuzi zipatazo 94, na Molo, iliyo karibu mita 2,500, kwenye nyuzi zipatazo 92. Kwa hivyo kiazi cha Molo hukaa motoni muda mrefu kuliko kiazi kile kile kikipikwa Mombasa. Kitabu cha mapishi kilichoandikwa London hakimwambii mpishi wa Molo jambo hili. Mama yake anamwambia, kwa kuwa amelishuhudia tangu utotoni, ijapokuwa hajaliandika.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kurudi nyuma, kwamba dunia ya leo ni ya sayansi na sayansi huzungumza Kiingereza. Nawajibu kwamba aya mbili zilizotangulia ni za sayansi, nazo zimeandikwa kwa Kiswahili bila taabu. Wengine watadhani napinga maneno ya mkopo. Sivyo. Supu ni mkopo, siagi na samli vivyo hivyo, na kiazi chenyewe kilitoka Amerika Kusini kikaletwa nchini na walowezi. Lugha hukopa inapohitaji. Kosa ni kukopa ilhali ghala limejaa, kwa kuwa tu mwenye ghala hajawahi kulifungua.

Walimu wenzangu, dawa ya tatizo hili haihitaji bajeti ya wizara. Unapofundisha resipe, mwagize kila mwanafunzi, mvulana kwa msichana, aandike chakula kilichopikwa nyumbani kwao juma hilo. Akae na mpishi, amsaidie kumenya na kukoroga, amuulize sababu ya kila hatua na kunakili vitenzi anavyovitumia. Mpishi akisema "waru", kama wasemavyo wengi hapa Nakuru, neno hilo liandikwe na lijadiliwe pamoja na kiazi na mbatata. Vipimo viwe vya kweli na muda uwe wa mahali pale pale. Kisha kazi hizo zikusanywe katika daftari moja la shule, lihifadhiwe maktabani, ili darasa lijalo lipate mahali pa kuanzia. Mtaala wa umilisi, ambao huwataka wanafunzi watende na si kukariri tu, umetupa nafasi nzuri ya kufanya hivyo.

Nanyi wanafunzi, msiandike piza ambayo hamjaionja mkidhani mtahini ataipenda zaidi. Mtahini mwenye busara hupima uwezo wa kueleza jambo kwa usahihi, na hakuna anayeeleza kwa usahihi asichokijua. Msipoviandika vyakula vya kwenu, wajukuu wenu watavisoma katika vitabu vya wengine, vikiwa na majina mapya na vipimo visivyoafikiana na moto wa Molo. Mwacha mila ni mtumwa, na mila hutunzwa pia kwa kalamu.