Ngombe walioporwa vitani: fidia inatoka mfuko gani?

Kwa familia nyingi za Djugu, Irumu na Mahagi, ngombe si nyama tu. Ni maziwa ya kila asubuhi, ni minervali ya watoto, ni mahari. Ndiyo maana wafugaji wanauliza: aliyeporwa ngombe zake, nani atamlipa? Jibu linaanzia kwenye mwaka: waliporwa lini?

Vita vya 1998 hadi 2003

Tarehe 19 Desemba 2005, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule La Haye, iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria ilipoingiza jeshi Kongo, na kwamba ndiyo ilikalia Ituri. Tarehe 9 Februari 2022 ikataja fidia: dola milioni 325, kwa awamu tano za milioni 65 kila mwaka. Milioni 225 ni kwa madhara waliyopata watu, 60 kwa maliasili, na 40 kwa mali iliyoharibiwa au kuporwa. Mfugaji aangalie hasa fungu hilo la mali.

Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11. Majaji waliona vithibitisho havitoshi kuhesabu hasara moja moja, wakatoa kiasi cha jumla.

Uganda hailipi mfugaji, inalipa serikali ya Kongo. Kazi ya kugawa ni ya FRIVAO, mfuko wa serikali ulioundwa 2019, wenye makao makuu Kisangani. Pesa hizo zimeshaleta kesi: Septemba 2025, Mahakama ya Kasasyo ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, miaka mitatu ya kazi za sulubu, katika kesi ya dola milioni 19 za kujenga gereza Kisangani. Yeye alikana mashtaka.

Mashambulizi ya miaka hii

Aliyenyanganywa ngombe Djugu tangu fujo zilipoanza tena Desemba 2017 hahusiki na fidia ya Uganda. Mlango wake ni FONAREV, mfuko ulioundwa kwa sheria ya tarehe 26 Desemba 2022. Unapata asilimia 11 ya ushuru wa madini unaoitwa redevansi, na unahusu wahanga wa ubakaji wa vitani na wa jinai kubwa, tangu 1993.

Hapa kuna tofauti ya kuelewa. Wizi wa kawaida wa ngombe hauingii. Uporaji uliofanywa na kundi lenye silaha wakati wa vita unaweza kuhesabiwa kama jinai ya vita. Kwa hiyo haitoshi kusema "ngombe zangu zilipotea". Lazima ijulikane nani alishambulia, wapi na siku gani.

Mfugaji afanye nini sasa?

Aandike mapema, kabla mashahidi hawajahama au kufariki: tarehe, kijiji, idadi ya ngombe, wangapi walikuwa wa maziwa, alama waliyokuwa nayo. Aweke majina ya majirani walioona. Kadi ya chanjo kutoka kwa veterineri, karatasi ya chefu wa kijiji au ya chama cha wafugaji, hata picha ya zamani ya zizi, vyote vinasaidia. Walio kambini watoe kopi, wamwachie mtu wa kuaminika, kwa sababu karatasi zinaungua pamoja na nyumba.

La Haye hata serikali nzima ilikosa vithibitisho vya kutosha. Mfugaji mmoja naye ataulizwa vya kwake.