Baraza la ndoa si mahakama ndogo

Anayetaka kufungua shauri la talaka nchini Tanzania huulizwa kwanza kama amepita barazani. Karani hamsumbui bure. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinataka mgogoro ufikishwe kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na Baraza lithibitishe kwa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Hati yenyewe isiwe imepitisha miezi sita. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo wa mashauri yaliyofunguliwa bila hati halali, wahusika wakarudishwa mwanzo baada ya miaka ya kuhangaika.

Sheria inataka kila kata iwe na baraza, na jumuiya za kidini nazo zinaweza kuwa na ya kwao. Waislamu wengi hupitia mabaraza ya BAKWATA. Katika kila baraza hukaa mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Kazi yao ni kusikiliza pande zote mbili, kuuliza, kushauri na kupatanisha. Hawana mamlaka ya kuvunja ndoa wala ya kuamuru nani achukue nyumba. Hayo ni ya mahakama.

Wengi huuona ukomo huo kuwa udhaifu, lakini ndio unaolipa baraza nafasi yake. Mbele ya hakimu kila neno ni ushahidi, hivyo kila upande huchagua la kusema na la kuficha. Barazani hakuna wa kushinda. Mume anaweza kukiri kwamba alipopunguzwa kazini aliona aibu kusema, na ndiyo maana fedha za matumizi zilikatika. Mke naye anaweza kueleza kwamba kilichomkimbiza ni wifi aliyehamia bila yeye kuulizwa. Mambo ya namna hii hayana kifungu, lakini yana ufumbuzi: nani akae wapi, mshahara upangwe vipi, wazazi wasaidiwe kwa kiasi gani.

Hata ndoa isipopona, kikao hakijapotea. Wanaoachana wakiwa na watoto wataendelea kukutana kwenye ada, homa na likizo. Wakikubaliana mapema mtoto atalala wapi na nani atalipa nini, kisha wakayaandika na kusaini, wanabaki na machache ya kubishania mahakamani.

Ila usuluhishi unahitaji watu wawili wanaoweza kusema bila woga. Anayepigwa nyumbani hawezi kujadiliana kwa uhuru akiwa amekaa hatua mbili kutoka kwa anayempiga. Kifungu cha 66 cha sheria hiyohiyo kinasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Kwa hiyo kumwambia mwanamke avumilie kwa ajili ya watoto ni kumrudisha kwenye hatari. Kipigo ni jinai, na mahali pake ni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Sheria imeacha pia milango ya kutopita barazani, kwa mfano mwenzi akiwa ametoroka na hajulikani alipo, au mahakama ikiridhika kuwa kuna mazingira ya kipekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane.

Kuna pia nguvu isiyoacha alama mwilini, nayo ni kutojua haki. Mke aliyelea watoto na kutunza nyumba kwa miaka mingi anaweza kukubali kuondoka na vyombo tu, akidhani asiyekuwa na risiti hana chake. Tangu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilishatambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Ushauri wa msaada wa kisheria kabla ya kikao humwezesha kukubali au kukataa kwa kujua.

Kwa hiyo ubora wa baraza usipimwe kwa idadi ya wanandoa waliorudiana. Upimwe kwa jinsi wajumbe wanavyotofautisha ugomvi unaozungumzika na ukatili, na kwa wepesi wao wa kutoa hati pale upatanishi uliposhindikana. Baraza linaloishikilia hati hiyo ili kulazimisha maridhiano limejipa uhakimu ambao sheria haikulipa.