Je, Wajua? Sasisho la Windows Hutoka Jumanne Usiku

Je, wajua kwamba masasisho ya usalama ya Windows yana siku yake? Ni Jumanne ya pili ya kila mwezi, utaratibu ambao Microsoft iliuanza Oktoba 2003. Hutolewa saa 4 asubuhi katika pwani ya magharibi ya Marekani, na kwetu Afrika Mashariki huwa saa 2 au saa 3 usiku, kutegemea kama Wamarekani wamesogeza saa zao. Ndiyo maana Jumatano asubuhi, wakati una haraka ya kuchapisha barua, kompyuta inakuomba usiizime.

Gharama ya kupakua ni ya mwenye kompyuta, na wakati mwingine hulipia hata wengine. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, usipobadilisha mipangilio, kompyuta yako iliweza kuwatumia watu usiowajua vipande vya masasisho kupitia intaneti yako. Kwa mwenye intaneti isiyo na kikomo halina neno. Kwa anayetegemea bando la simu, ni kumgawia mtu mali yake bila kumuuliza, na hilo si haki hata kidogo.

Kuna aliyekwenda mahakamani. Mwanamke mmoja wa California alidai kuwa Windows 10 ilijisakinisha bila idhini yake na kuiharibu kompyuta ya biashara yake. Mwaka 2016 Microsoft ilimlipa dola 10,000.

Na Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta? Debian, toleo la Linux lililoanzishwa mwaka 1993, huweka programu zake katika hazina moja. Chombo chake kiitwacho APT hupakua programu pamoja na kila inachokitegemea. Maktaba moja ya msimbo hutumiwa na programu nyingi, hivyo ikirekebishwa mara moja, zote zinafaidika, na mzigo wa kupakua unakuwa mdogo. Kwa nchi ambako bando ni ghali, sijaona mpango bora kuliko huo.

Lakini Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian, ikaleta Snap, mfumo wa kusambaza programu ambamo kila programu hubeba ndani yake sehemu kubwa ya maktaba inazozihitaji. Snap hutafuta masasisho mara 4 kwa siku, na kwa miaka kadhaa mtumiaji aliweza kuyaahirisha tu. Uwezo wa kuyazuia kabisa ulikuja mwishoni mwa 2022. Mwaka huohuo Ubuntu 22.04 ilileta Firefox kwa njia ya Snap, na wengi wakalalamika kwamba kivinjari kinachelewa kufunguka. Watengenezaji wa Linux Mint, toleo jingine la Linux, walikuwa wameshakataa tangu 2020: kwao Snap haiingii mpaka mwenye kompyuta aifungulie mlango mwenyewe.

Je, wajua kwamba sasisho moja liliangusha kompyuta milioni 8.5? Tarehe 19 Julai 2024, saa 1 na dakika 9 asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza faili lenye kasoro. Ililiondoa baada ya dakika 78, lakini kompyuta nyingi zilikuwa hazifunguki tena, na mafundi wakalazimika kuzifufua moja baada ya nyingine.

Hata hivyo, kukataa masasisho ni hatari zaidi. Kirusi cha WannaCry kilichofunga faili za hospitali za Uingereza na za watu wengi duniani Mei 2017 kilipita kwenye tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba Machi. Wengi walioumia walikuwa hawajasasisha.

Basi, msomaji, usiyazime masasisho. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao uiambie Windows kwamba intaneti yako hulipiwa kwa kipimo, nayo itaahirisha mizigo mingi. Kisha tenga siku yako, penye Wi-Fi nzuri na umeme wa uhakika, usasishe. Kabla ya hapo hifadhi nakala ya kazi zako kwenye diski ya nje: Oktoba 2018 Microsoft ilisitisha sasisho kubwa la Windows 10 baada ya baadhi ya watumiaji kukuta nyaraka na picha zao zimefutika.