Sauti ya Ndani na Hatima ya Onyo: Riwaya ya Dune katika Filamu

Riwaya ya Dune (1965) ya Frank Herbert, ya kwanza kati ya sita alizoziandika katika mfululizo huo, imejengwa juu ya mawazo yasiyotamkwa. Msimulizi maizi huingia nafsini mwa wahusika kadhaa katika tukio lilelile, na kwa njia hiyo msomaji humsikia Paul Atreides akiihofia jihadi itakayopiganwa kwa jina lake. Kamera haina mlango huo. David Lynch (1984) aliwapa wahusika minong'ono ya ndani, kisha akaihitimisha filamu kwa mvua inayoteremka juu ya sayari ya jangwa: onyo likageuka muujiza. Denis Villeneuve (2021, 2024) aliinyamazisha minong'ono hiyo na shaka akamkabidhi Chani. Riwayani Chani ni mwandani mtiifu. Katika filamu ya 2024 anakataa kuinama, akaondoka. Ukiukaji huo unaihifadhi dhamira ya Herbert kuliko minong'ono yote ya Lynch.

Msamiati nao haukusalimika. Lisan al-Gaib, lakabu ya masihi wa Wafremen, si geni kwa msomaji wa Kiswahili anayejua lisani na ghaibu, ingawa faharasa ya Herbert huifasiri kuwa sauti itokayo ulimwengu wa nje. Villeneuve ameibakiza. Jihadi, hata hivyo, neno linalorudiwarudiwa riwayani, limepisha "vita vitakatifu", na kwa kuondoka kwake umefifia mwangwi wa historia ya Uislamu ambao ndio unaoipa hofu ya Paul uzito wake.